Karate ya Mwenge na njia ya kurudi nyumbani

Anayeshuka Mwenge baada ya Alasiri na kukata upande wa wachonga vinyago, husikia milio ya tezo kabla hajawaona wenye kuzishika. Mafundi wa Kimakonde hukaa chini ya mabati, miguu imebana gogo la mpingo, mkono mmoja ukizungusha na mwingine ukipiga, na vumbi jeusi limewatanda hadi kwenye kope. Mwendo mfupi kutoka hapo Barabara ya Sam Nujoma inakutana na ile ya Bagamoyo, na hapo ndipo Mwenge unapokuwa Mwenge hasa: bodaboda zimejipanga, mama lishe wanafunua masufuria, wauza mitumba wametandaza viatu juu ya maturubai, wanafunzi wa Chuo Kikuu wanawania gari la kupanda Mlimani. Kituo kikubwa cha daladala kilikwisha hamishiwa Makumbusho, lakini msongamano haukukubali kuhama nacho. Jua likizama, barabara kuu hubaki na mwanga wake, na vichochoro vinavyoingia mitaani hubaki na giza lake.

Katika kimoja cha vichochoro hivyo, usiku mmoja baada ya Isha, binti wa madrasa yetu mwenye umri wa miaka kumi na sita alishikwa kifundo cha mkono na mwanamume asiyemjua. Simu ilikuwa mkoba wa ndani, na mtu yule hakuiulizia. Alimvuta kuelekea kwenye pagala lisilo na mlango. Aliyemwokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni muuza chipsi aliyekuwa akirudi na tochi kichwani na karai mkononi; aliuliza tu, "Nani huyo?", na yule mtu akakimbia. Binti alipofikishwa kwa mama yake alisema jambo ambalo tangu siku ile halijatutoka moyoni. Alisema alitaka kupiga kelele, na sauti haikutoka.

Juma lililofuata wazazi wanane walikuja katika ofisi ya msikiti, ambayo kwa hakika ni chumba cha kuhifadhia mikeka chenye meza moja, wakaomba kamati iruhusu mafunzo ya karate katika ua wa madrasa kila Jumamosi. Walikuwa wamekwisha pata mwalimu, na walikuwa tayari kuchanga. Walichotaka kwetu ni ua, na baraka.

Kamati iligawanyika, na haikugawanyika kwa ujinga. Mzee mmoja, ambaye tumesoma kwake na tunamheshimu kama baba, alisema karate ina kuinamiana na kuinamia picha, na kwamba hatuwezi kuwafundisha watoto rukuu ya Mola wao asubuhi kisha tukawafundisha rukuu ya Mjapani jioni. Mwingine, dereva mstaafu, alisema hoja yake si ya dini, bali ni ya panga. Alitukumbusha Septemba 2022, pale makundi ya vijana waliojulikana kama Panya Road yalipoingia katika nyumba za watu jijini humu na mapanga mikononi. "Nionyesheni," alisema, "teke linalozuia panga." Hoja ya tatu ilitoka kwa baba wa kijana wetu mmoja, msaidizi wa mwalimu wa madrasa, mwenye mkanda wa kahawia. Mwaka uliotangulia kijana huyo alipokonywa simu karibu na makutano, akamfukuza mporaji, akamkuta kwa wenzake wawili, na akarudi nyumbani na jeraha la kisu lililoshonwa nyuzi kumi na moja. Baba yake alisema kwa upole ambao ulituumiza kuliko ukali: "Mwanangu asingejua karate, angepoteza simu tu."

Mwenyekiti akaamua twende tukatazame. Tukateuliwa watatu: katibu, yaani mwandishi wa makala hii, dada anayesimamia kitengo cha akina mama, na dereva mstaafu mwenye hoja ya panga. Mzee wetu wa rukuu alikataa kwenda, lakini alituambia tuangalie kuta.

Dojo, kama wanavyoliita, ni ukumbi wa kupanga nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, mwendo wa dakika kumi kutoka kwa wachongaji. Sakafu ni ya saruji iliyosuguliwa na miguu mitupu hadi ikang'aa. Pembeni palikuwa na zana ambazo hazikununuliwa dukani: mitungi ya udongo iliyojazwa mchanga, ya kushikwa mdomoni kwa ncha za vidole, mawe ya saruji yaliyochomekwa mpini wa mti, na ubao mmoja uliosimikwa na kufungwa kamba, wenye jina la makiwara, ambao hupigwa ngumi hadi fundo za vidole ziote sugu. Wanafunzi walikuwa kama thelathini, wengi wao vijana wa gereji na wa vyuo, na wasichana saba, wanne kati yao wamevaa hijabu iliyobanwa vizuri ndani ya kola ya vazi jeupe. Juu ya ukuta wa mbele ilikuwapo picha ya mzee wa Kijapani. Tuliiona mara tu tulipoingia, na dada yetu akatukonyeza.

Picha ile ni ya Chojun Miyagi, aliyezaliwa mwaka 1888 katika kisiwa cha Okinawa na kufariki mwaka 1953, na ndiye mwasisi wa mtindo unaoitwa Goju-Ryu, maana yake mtindo wa ugumu na ulaini. Mtindo huo ndio uliotangulia kushika mizizi Dar es Salaam. Wakongwe wa karate nchini humtaja Nantambu Camara Bomani, Mmarekani Mweusi aliyekuja katika miaka ya 1970, zama ambazo Waafrika wengi wa Marekani waliiona Tanzania ya Mwalimu Nyerere kama nyumbani, akaanza kufundisha katika Shule ya Sekondari ya Zanaki. Mahali pale wakapaita Hekalu la Kujilinda. Jina hilo la hekalu, tukiri, lisingemsaidia kitu mwenye kututetea mbele ya mzee wetu. Lakini neno la pili tulilipenda. Wale waliolitia Kiswahili hawakusema kupigana, walisema kujilinda.

Mwalimu wa dojo ni mtu wa makamo, mpole, fundi wa kuchomea vyuma kwa kazi yake ya mchana. Si Muislamu. Tulipomweleza jambo la kuinama hakukasirika wala hakushangaa. Alisema katika miaka yake ya kujifunza aliwakuta Waislamu waliokuwa wakiweka mkono wa kulia kifuani badala ya kuinama, na mwalimu wake hakuwahi kumlazimisha yeyote. Kuhusu picha, alisema ukumbi wa msikiti hauna haja nayo. Kisha akatueleza jambo ambalo hatukulijua: Anko Itosu, mwalimu wa Okinawa aliyeiingiza karate mashuleni mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika mwaka 1908 waraka wa vipengele kumi, na akaufungua kwa kueleza kwamba karate haikuzaliwa na dini ya Budha wala mafundisho ya Confucius. Sisi tulikuwa tumekuja na hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ya mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwinamie nduguye anapokutana naye, akajibiwa kwamba asifanye hivyo. Kwa hiyo shauri hilo lilikwisha kwa dakika tano, nasi tulikuwa tumeliandalia saa nzima.

Lililobaki ni gumu zaidi. Je, mambo yale yanafaa?

Walianza kwa kata. Msomaji asituelewe vibaya: si Kata ya Kijitonyama, wala si kata ya kutekea maji mtungini. Katika karate, kata ni mfululizo wa mapigo na mikingo uliopangwa, ambao mtu huucheza peke yake dhidi ya maadui asiowaona. Goju-Ryu inazo chache, na mwanafunzi hukaa miaka juu ya kila moja. Kwa macho ya mgeni, ukweli usemwe, ni jambo la kustaajabisha kwa uzuri wake na la kutia shaka kwa faida yake. Kijana anapiga ngumi hewani, na mkono wake wa pili unarudi kiunoni na kutulia hapo kama umetiwa mfukoni. Dereva wetu alitunong'oneza kwamba mtu akisimama hivyo mbele ya kibaka wa Manzese atarudi nyumbani bila shati.

Mwalimu aliona tunanong'ona. Akamwita msichana mmoja na kijana mmoja mbele, akamwambia kijana amshike msichana kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kuondoka naye. Sisi watatu tulitazamana, kwa sababu hatukuwa tumemweleza habari ya binti yetu.

Alichofanya msichana ni mwanzo wa kata inayoitwa Saifa. Mtu akivutwa, maumbile humtuma avute kurudi nyuma, na hapo mwenye nguvu hushinda. Saifa humfundisha kinyume. Msichana alifunika ngumi ya mkono ulioshikwa kwa kiganja cha pili, akapiga hatua ya mshazari kuelekea kwa mshikaji, karibu kabisa, na kiwiko chake kikapanda. Mkono ukachomoka upande wa kidole gumba, kwa kuwa hapo ndipo mshiko wa mwanadamu ulipo dhaifu. Kabla kijana hajaweka sawa miguu yake, mgongo wa ngumi ya msichana ulikuwa umesimama inchi moja mbele ya pua yake. Wakarudia polepole, kisha kwa kasi, kisha akabadilishwa mshikaji akaja mwingine mwenye mwili mkubwa zaidi. Mara moja alishindwa. Alipoulizwa kwa nini, alijibu mwenyewe kwamba alichelewa kusogea.

Kutokea hapo mwalimu aliifumua kata mbele yetu kama fundi saa anavyofumua saa. Ule mkono unaorudi kiunoni haukuwekwa pale upumzike. Umeshika kitu, shati au mkono wa adui, na unamvuta aingie kwenye ngumi. Ile tunayoiita mikingo, Wajapani huiita uke, na neno hilo kwao linatokana na kupokea. Anayepokea hasimami kama ukuta. Huuchukua mkono unaokuja, akaupitisha, akabaki nao. Matekenyo ya mateke ya juu yanayopendwa na filamu hayamo kwa wingi katika kata za zamani. Teke lao linakwenda gotini, kinenani, kwenye muundi. Kata mbili za wanaoanza, zinazoitwa Gekisai, Miyagi alizitunga mnamo mwaka 1940 ili watu wengi, wakiwamo vijana wa shule, wapate kujifunza kwa urahisi. Nyingi ya zile nyingine husemwa kuwa ni kongwe kuliko yeye, na kwamba zilitungwa kwa ajili ya mapambano ya karibu, pumzi kwa pumzi, baina ya watu wasiofuata kanuni. Itosu naye, katika waraka ule ule, alionya kwamba karate haikukusudiwa kwa mashindano ya mtu na mpinzani mmoja, bali kwa siku ambayo mtu anakutana na mhalifu na hana njia.

Dada yetu aliuliza swali ambalo wanaume tusingeliuliza: mbinu hizi zote, msichana azifanye akiwa amevaa baibui na amebeba mkoba? Mwalimu alinyamaza kidogo. Kisha akamwita msichana mwingine, akaomba mkoba wa dada yetu, na baibui lililokuwa limetundikwa mlangoni, akamwambia avae na afanye Saifa. Hatua ya mshazari ilinaswa na pindo la nguo. Mwalimu akasema, mbele ya wanafunzi wake wote, kwamba kwa miaka mingi amefundisha kwa suruali tu na hakuwahi kulifikiria jambo hilo. Walilifanyia kazi pale pale: hatua ikafupishwa, na mkoba ukawa unatupwa usoni mwa mshikaji kwanza. Tulimheshimu zaidi kwa kutojua kwake kuliko kwa yote aliyokuwa ameyajua.

Kisha dereva mstaafu akaleta panga lake, yaani hoja yake ya panga.

Mwalimu hakujibu kwa maneno. Alichukua kipande cha mkaa kirefu kama kidole, akampa kijana wa mkanda wa njano, akamwambia huyo ndiye mwenye kisu. Mbele yake akamsimamisha mtu mwenye mkanda mweusi. Sharti lilikuwa moja: kila mkaa utakapogusa vazi jeupe, pahesabiwe kuwa ni jeraha. Walipambana mara kumi. Mara mbili mkanda mweusi aliukamata mkono wenye mkaa na kumwangusha mwenziwe vizuri, na watu wakapiga makofi. Mara nane tulihesabu alama: mikononi, tumboni, shingoni. Hata katika zile mbili alizoshinda, mkono wake wa kushoto ulikuwa na mistari. Alisimama mbele yetu mwanamume hodari kuliko wote ukumbini, vazi lake jeupe limechafuka kama apron ya muuza mkaa, na hakuwa na aibu yoyote.

"Huyu ana miaka kumi na mbili ya mazoezi," mwalimu akasema. "Na yule mwingine ana miezi sita. Mwenye kisu mpe simu. Ukishampa, kimbia."

Polisi mmoja wa Marekani, Dennis Tueller, aliandika mwaka 1983 baada ya kupima kwa saa kwamba mtu mwenye kisu huweza kuvuka mita sita na zaidi kidogo kwa sekunde moja na nusu hivi, muda ambao askari aliyefunzwa ndio kwanza anaichomoa bastola na kufyatua. Mita sita ni upana wa uchochoro wetu mara mbili. Dereva wetu alitikisa kichwa kwa muda mrefu, na njiani tukirudi alikiri kwamba alikuja ili amuumbue mwalimu, na mwalimu alimtangulia kujiumbua.

Hapo ndipo tulipomwelewa kijana wetu mwenye nyuzi kumi na moja. Yeye alifunzwa mahali pengine, na mafunzo yake yalikuwa ya mashindano. Mashindano ni jambo jema kwa afya na kwa nidhamu, lakini yana desturi zake. Katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, tarehe 7 Agosti 2021, fainali ya karate ya uzito mkubwa iliwakutanisha Waislamu wawili, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia na Sajad Ganjzadeh wa Iran. Msaudi alikuwa akiongoza kwa pointi nne kwa moja. Akarusha teke, likamfika Muirani kichwani sawasawa, akaanguka amepoteza fahamu na kutolewa kwa machela. Waamuzi wakashauriana, wakamwondoa Msaudi kwa kupiga kupita kiasi, na medali ya dhahabu akapewa aliyelala. Kwa kanuni za mchezo uamuzi ule ulikuwa sahihi. Lakini kijana aliyelelewa miaka mingi katika kanuni hizo, aliyezoea mpinzani mmoja, asiye na silaha, na mwamuzi anayesema simama, akiingia kizani kumfukuza mporaji amebeba ramani ya mji mwingine.

Tulimwita kijana mwenyewe tukazungumza naye. Alisema kilichomtuma kufukuza ni hasira tu, wala simu ilikuwa ya zamani. Sote tunajua Mtume (s.a.w.) alivyofundisha juu ya mwenye nguvu wa kweli, kwamba si yule anayewaangusha wengine bali anayeimiliki nafsi yake wakati wa ghadhabu, hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim na tumeisomesha mara nyingi. Kijana yule naye ameisomesha. Anaijua kwa isnadi.

Kuna jambo jingine ambalo wenye kufundisha kujihami hawalisemi sana, na Mwenge unalihitaji. Sheria ya nchi, yaani Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika vifungu vya 18 hadi 18C, inampa mtu haki ya kujitetea nafsi yake, kumtetea mwingine na kutetea mali, kwa nguvu inayolingana na hatari iliyomkabili. Adui akishaanguka na hatari ikaisha, pigo linalofuata si kujihami tena. Na katika mitaa yetu pigo linalofuata huwa si la mtu mmoja. Tumewahi kuona, na Mwenyezi Mungu atusamehe waliotazama, neno moja "mwizi!" linavyokusanya watu hamsini wenye mawe na matairi kabla hajaulizwa yeyote ni nani na amechukua nini. Kwa sababu hiyo dada yetu alishauri, na mwalimu akakubali, kwamba wasichana wasifundishwe kupiga ukelele wa "mwizi". Wafundishwe kusema "Niache!" na "Nisaidieni!", maneno yanayoita msaada bila kuita mauaji.

Suala la sauti lilitushika kuliko yote. Katika karate upo ukelele unaoitwa kiai, unaotoka tumboni pamoja na pigo. Tulipoingia tuliuchukulia kuwa ni mbwembwe. Lakini tulikumbuka binti aliyesema sauti haikutoka, tukaona kwamba huenda ndilo zoezi la maana kuliko yote ukumbini mle. Majirani zetu wa Kenya wamelifanyia kazi jambo hili. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi wasichana wa shule walifundishwa kwa wiki chache namna ya kutambua hatari mapema, kukataa kwa sauti, na mwisho kupiga na kukimbia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Pediatrics ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliofunzwa walizitumia stadi hizo kuzuia shambulio katika mwaka uliofuata. Na huko Korogocho wapo bibi vizee wenye kikundi kiitwacho Shosho Jikinge, wanaofanya mazoezi ya ngumi na mateke kwa sababu wamechoka kuvamiwa usiku. Hao hawavai mikanda ya rangi yoyote. Tuliwaona katika picha, wamevaa vitambaa vichwani na madira, wakipiga mto kwa kisigino cha kiganja.

Kikao cha kamati kilichopokea ripoti yetu kilianza baada ya Isha na kikamalizika karibu saa tano usiku. Liliulizwa suala la kupiga uso, kwa kuwa imekatazwa katika hadithi sahihi, na kwa kuwa Baraza la Fiqhi la Rabita, mjini Makka, liliharamisha ndondi mwaka 1987 kwa hoja kwamba lengo lake ni kumdhuru mwenzio. Tulijibu kwamba mazoezini hakuna atakayegusa uso wa mwenzake, pigo litasimama kabla, na mto utapigwa badala ya mtu. Ama anayevutwa kwenda pagalani, hukumu yake ni nyingine. Yalikubaliwa mafunzo ya miezi mitatu ya majaribio. Wasichana watafunzwa na mwanafunzi wa kike wa mwalimu yule, mwenye mkanda mweusi, ndani ya ukumbi na pazia limefungwa. Wavulana na mwalimu mwenyewe uani, saa nyingine. Hakuna kuinama, hakuna picha, hakuna mashindano. Kila anayejiunga, mzazi wake atie saini kwamba ameelewa maneno haya: mwenye silaha apewe anachotaka. Baba wa kijana wa nyuzi kumi na moja ndiye aliyetaka sharti hilo liandikwe kwa herufi kubwa.

Dereva mstaafu akaongeza hoja ambayo haikuwa katika ajenda. Alisema tumezungumza saa tatu juu ya mikono na miguu ya watoto, na hakuna aliyetaja taa. Uchochoro ule una nguzo ya umeme, hauna balbu. Pagala lile lina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana. Tukaona haya. Ikaundwa kamati ndogo ya kumwendea mwenye pagala azibe mlango, na shilingi za taa zikachangwa pale pale kabla watu hawajavaa viatu. Zaidi ya hapo ikaamuliwa kwamba darasa la Isha la mabinti liondoke kwa makundi, na kila kundi lisindikizwe na mama mmoja hadi barabarani.

Mzee wetu hakupiga kura ya ndiyo. Alisema ataendelea kutazama, na kwamba akiona mtoto mmoja anaiga kuinama atakuja kulifunga ua kwa kufuli lake mwenyewe. Tulimwambia tutamletea ufunguo.

Jumamosi ya kwanza walikuja wasichana kumi na tisa. Sisi wanaume tulikuwa uani tukipanga viatu na kumsubiri mwalimu, pazia limefungwa, na kilichotufikia kilikuwa sauti tu. Mara za kwanza kiai chao kilikuwa kicheko. Mwalimu wao akawanyamazisha, akawaambia wafanye mmoja mmoja. Tuliwasikia wakifuatana, wengine wanapaza, wengine wanakohoa na kuomba radhi. Kisha pakawa na kimya kirefu kidogo, mpaka dereva wetu akainua kichwa. Kisha ikatoka sauti moja, kavu, yenye kukwaruza, iliyowafanya njiwa waruke kutoka kwenye paa la msikiti.

Hatukuuliza ilikuwa ya nani. Dada yetu alituambia baadaye, bila kuulizwa, na kwamba binti yule alitaka kurudia. Balbu ya uchochoroni ilifungwa Jumatano. Mwenye pagala ameahidi mlango baada ya mwezi kuisha, nasi tumepanga kumwendea tena Ijumaa.